Unachokijua Wewe na Mwenzako Hakijui: Kwa Wanaoanza Kazi ya Nyumba na Viwanja

Anayeingia katika biashara ya nyumba na viwanja huonywa mapema kuhusu matapeli: hati za kughushi, muuzaji asiye mwenye mali, kiwanja kimoja kuuzwa mara mbili. Maonyo hayo ni ya lazima, na kinga yake inajulikana, yaani kuikagua hati kwenye daftari la msajili na kuzungumza na majirani wa mpaka kabla ya kutoa malipo yoyote. Hata hivyo, makosa mengi niliyoyashuhudia, pamoja na machache niliyoyatenda mwenyewe, yalifanywa na watu waaminifu walioamua kunyamaza.

Nilianza kama dalali. Katika mwaka wangu wa kwanza niliuza nyumba ambayo ukuta mmoja wa chumba cha nyuma ulikuwa ukinyonya maji kila mvua ziliponyesha, na wiki moja kabla ya mnunuzi kuja kuitazama, ukuta huo, na huo peke yake, ulipakwa rangi mpya. Nilijua, wala sikuulizwa. Nilijitetea moyoni kwa ile kanuni ya kale ya sheria isemayo kwamba mnunuzi ajihadhari mwenyewe. Miezi michache baadaye alinipigia simu, si kwa kulalamika, bali kuniomba nimtafutie fundi mzuri wa kuta. Nilimpa namba ya fundi, na hata siku hiyo sikumwambia nilichokijua.

Kanuni ile yenyewe ina mipaka. Kasoro inayoonekana kwa macho ni juu ya mnunuzi kuiona. Lakini ile iliyofichika, ambayo muuzaji anaijua na kuisitiri kwa makusudi, katika nchi nyingi huweza kuhesabiwa kuwa udanganyifu na kuuvunja mkataba. Kipimo ninachokitumia sasa ni chepesi: jambo ambalo lingebadilisha bei au uamuzi wa mtu wa kawaida huandikwa na kukabidhiwa kabla amana haijalipwa. Nasema huandikwa kwa sababu neno la mdomoni husahaulika na pande zote mbili, kila mmoja kwa faida yake.

Jambo la pili linahusu kamisheni, na hapa naomba mfanye hesabu. Dalali anayelipwa asilimia 3 akimsaidia mwenye nyumba kupandisha bei kwa asilimia 10, mwenye nyumba hupata karibu nyongeza yote, na dalali huongezewa asilimia 0.3 tu ya bei ya awali. Kwa hiyo maslahi ya dalali yamo katika kuuza haraka kuliko kuuza vizuri, na ushauri wa “pokea ofa hii, hutapata nyingine” unapaswa kwanza kumtia shaka yule anayeutoa. Ukiwatumikia muuzaji na mnunuzi kwa pamoja, au ukinunua mwenyewe kupitia jina la ndugu, mgongano wa maslahi huwa mkubwa zaidi. Wote wawili waambiwe na waridhie kwa maandishi, la sivyo jitoe.

Amana ya mteja au ya mpangaji si mapato yako. Iwe kwenye akaunti ya peke yake, mbali na fedha zako. Na mwenye nyumba akikutaka umwambie mwombaji wa kabila au dini fulani kwamba nyumba imekwisha kuchukuliwa ilhali iko wazi, uongo huo utakuwa wako pia. Marekani, kwa mfano, ilipiga marufuku ubaguzi wa namna hiyo kwa sheria ya mwaka 1968.

Kwa wawekezaji, mtihani mgumu zaidi ni muuzaji aliyebanwa: mwenye deni la rehani linalokaribia mnada, au warithi wasioelewana. Kununua kwa bei ya chini kutoka kwa mtu kama huyo si dhambi, maana mara nyingi anachohitaji ni wepesi wa malipo. Tatizo huanza pale asipojua thamani ya mali yake, nawe ukaharakisha saini ili asipate kuijua. Mimi humpa siku saba na kumtaka amwone mthamini au mwanasheria asiyefahamiana nami. Mara mbili nimewahi kurudi siku ya nane nikakuta mali imeuzwa kwa mwingine, kwa bei iliyozidi yangu.