Msimamizi Ataka Nifumue Nywele

SWALI: Mhariri, ninafanya kazi hotelini Los Angeles. Msimamizi ameniagiza nifumue msuko wangu wa twende kilioni, eti mtindo huo hauna staha mbele ya wageni. Je, ana haki?

JIBU: Hana, dada. Sheria iitwayo CROWN, ambayo California iliipitisha mwaka 2019 ikiwa jimbo la kwanza Marekani, imepanua maana ya rangi ili ijumuishe umbile la nywele na mitindo kama misuko, misokoto na dredi. (Staha gani hiyo inayovunjwa na msuko wa bibi zetu?) Iandikie idara ya utumishi, ukitaja tarehe na maneno yenyewe aliyotamka, kisha ubaki na nakala. Ukihamia jimbo lingine uliza kwanza, kwani muswada wa taifa zima uliopita katika Baraza la Wawakilishi mwaka 2022 ulikwama katika Seneti.