Maswali yenu: Meli na boti za visiwa vya Ugiriki

Likizo za kiangazi zinakaribia, na wengi wenu mmeniuliza kuhusu usafiri wa majini kule Ugiriki. Nimechagua maswali sita.

Kaka, tunatua Athens saa nne asubuhi na tunataka kulala Santorini siku hiyohiyo. Bandari iko karibu na uwanja wa ndege? (Msomaji, Dubai)

Bandari ziko tatu, dada. Kubwa ni Piraeus, na treni ya chini ya ardhi inakufikisha huko moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege, mwendo wa kama saa moja. Rafina iko karibu zaidi na uwanja, nayo inafaa hasa kwa Andros, Tinos na Mykonos. Ya tatu, Lavrio, ni ya wanaokwenda Kea na Kythnos. Meli nyingi za Santorini huondoka Piraeus asubuhi mapema, kuanzia saa moja, kwa hiyo ukitua saa nne utakuwa umeachwa na nyingi. Lala Piraeus, uondoke kesho yake ukiwa umepumzika. Tazama pia namba ya geti kwenye tikiti: yanaanzia E1 hadi E12, bandari ni ndefu, na kuyatembea yote na masanduku ni adhabu.

Boti ya kasi au meli kubwa? Mimi bahari hunilevya hata kutoka Dar kwenda Unguja. (Mama wa watoto wawili, Morogoro)

Meli kubwa, mama, bila kusita. Ndiyo, kufika Santorini itakuchukua saa saba au nane, ilhali boti ya kasi huweza kutumia kama tano. Lakini meli kubwa ni nzito, hairushwi na kila wimbi, na ina sitaha ya wazi ambapo utapata hewa na kuona upeo wa bahari. Kwenye boti nyingi za kasi unafungiwa ndani, kwenye kiti, vioo vimejaa chumvi. Mtu anayelewa bahari akifungiwa hivyo, safari huwa ndefu kuliko saa zake. Halafu meli kubwa kwa kawaida ni nafuu.

Kaa katikati ya chombo, si omo wala tezi. Dawa ya kichefuchefu imezwe kabla ya kupanda, maana ukisubiri tumbo lianze kuchafuka umechelewa. Kwa watoto, muulize mfamasia kipimo.

Nimeambiwa meli huweza kuzuiwa siku nzima katikati ya Agosti, jua linawaka. Ni kweli? (Mwanafunzi, Berlin)

Kweli kabisa, mdogo wangu, na hapa naomba unisikilize vizuri. Kuna upepo wa kaskazini wauitao meltemi. Huvuma Julai na Agosti, mbingu zikiwa safi bila wingu, ndiyo maana wageni hawaamini wanapoambiwa hakuna kusafiri. Upepo ukifika nguvu 8 kwenye kipimo cha Beaufort, kwa kawaida hata meli kubwa husimamishwa. Boti za kasi husimamishwa mapema zaidi. Anayetoa amri ni mamlaka ya bandari, si nahodha, kwa hiyo hakuna wa kumbembeleza.

Niliwahi kukwama Naxos siku mbili. Bahari ilikuwa ya buluu inayopendeza macho, na bandarini hapakuwa na chombo kinachotoka. Pembeni yangu alikaa msichana ambaye ndege yake ya kurudi nyumbani ilikuwa jioni ileile. Alilia mpaka sauti ikamkauka. Tangu siku hiyo simshauri mtu kupanda meli siku ya ndege yake. Rudi Athens siku moja kabla. Agosti, siku mbili.

Sheria ya Umoja wa Ulaya inakupa haki ya kuchagua: urudishiwe nauli au upelekwe kwa safari nyingine. Ila kama sababu ni hali ya hewa, fidia huna, na hoteli unajilipia.

Ni salama? Tuliopoteza ndugu baharini hatuulizi kwa udadisi. (Msomaji, Wete, Pemba)

Pole sana, ndugu yangu. MV Spice Islander, iliyozama Septemba 2011 ikielekea Pemba, ilikuwa imejengwa Ugiriki mwaka 1967, na ilizama ikiwa imejaza watu kupita kiasi. Wagiriki nao wana msiba wao. Tarehe 26 Septemba 2000, usiku, Express Samina iligonga miamba ya Portes karibu na Paros, wakafa zaidi ya watu 80. Baada yake usimamizi ulikazwa. Leo jina la kila abiria lipo kwenye tikiti, na idadi inajulikana kabla ya meli kuondoka. Hata ile amri ya kuzuia meli, inayowaudhi watalii, mimi huipokea kwa shukrani.

Nina viza ya Schengen ya kuingia mara moja. Nikiwa Kos naweza kuvuka hadi Bodrum kula chakula cha mchana? (Msomaji, Nairobi)

Usithubutu. Bodrum ni Uturuki. Ukivuka umetoka Schengen, viza yako imekwisha kazi, na hutaruhusiwa kurudi Kos. Ukiwa visiwani Ugiriki kwenyewe huna tatizo, tembea na pasipoti tu.

Mizigo unaiweka wapi? (Msomaji, Muscat)

Chini, kwenye gereji ya magari, ambako kuna rafu zilizoandikwa majina ya visiwa. Weka sanduku kwenye rafu ya kisiwa chako. Pasipoti, dawa na pesa panda navyo. Kisiwa kikitangazwa, shuka gereji mara moja usimame na wenzako. Mlango wa nyuma unateremshwa, watu wanatoka, wengine wanaingia, na dakika chache baadaye meli imeshaondoka.