Kaka anaacha vidonge kila akipata nafuu, na sasa anataka kufunga

Pole dada. Kaka yako ana baipola, ugonjwa wa akili unaompandisha mtu hisia kupita kiasi kisha kumshusha, anatumia dawa ya lithiamu, akijisikia mzima anaiweka kando, na sasa anataka kufunga Ramadhani.

Nina ugonjwa huohuo, mwaka wa tisa huu. Si ukaidi. Ugonjwa ukipanda, mtu hajioni mgonjwa hata kidogo. Mimi niliuza pikipiki nikaagiza mabati ya nyumba, na kiwanja chenyewe sina! Wakati huo usibishane naye. Kaeni akiwa ametulia, mkubaliane nani atashika pesa na nani atampeleka kliniki. Chunga usingizi wake: akikesha siku mbili tatu na hachoki, msingoje.

Kuhusu mfungo, hapo ndipo pa hatari. Lithiamu hutolewa na figo. Mwili ukikaukiwa maji kwa joto hili letu, dawa hubaki nyingi kwenye damu na kugeuka sumu. Kwa hiyo amwone daktari kabla mwezi haujaandama, apimwe damu na figo, wala asijipangie mwenyewe saa za kumeza. Mikono ikitetemeka sana, akitapika au akiyumba kama mlevi, mkimbizeni hospitali hapohapo. Kichwa kikimuuma asinunue ibuprofeni wala diklofenaki, zinapandisha kiwango cha lithiamu. Aulize kwanza, mara nyingi panado hutosha.

Na mgonjwa ameruhusiwa kula. Mwombe shehe wa mtaani kwenu amwambie yeye mwenyewe, maana maneno ya dada hayasikilizwi.