Nesi anataka kwenda kujitolea kwenye meli ya hospitali

SWALI: Shikamoo dada. Mi ni nesi wa thieta, niko Dodoma. Kanisani walituonesha video ya Mercy Ships, lile shirika lenye meli za hospitali, nikaguswa sana, ila nasikia hakuna mshahara, kweli? Na mume wangu fundi umeme anaweza kwenda?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kweli, mshahara hamna, tena nauli unajitafutia mwenyewe, ndo maana wengi wanachangiwa na kanisa lao, kwahiyo muone mchungaji mapema kabla hujaomba likizo. Meli yao Global Mercy ilifika Freetown, Sierra Leone, 2023, na operesheni ni bure: mtoto wa jicho, mdomo sungura, mauvimbe ya usoni yale makubwa mtu amejifunika kitenge miaka mingi haendi hata sokoni, jamani hao ndo wananiliza. Wagonjwa wengi utakuta wanaongea Krio, kwahiyo utafanya kazi na mkalimani pembeni, zoea kusubiri na umwangalie mgonjwa, sio mkalimani. Mumeo aombe pia, meli haiendi kwa madaktari tu, wanahitaji mafundi, wapishi, hadi walimu. Ila kabla hujasaini chochote waulize nani anawafuatilia wagonjwa meli ikiondoka, kidonda hakiponi siku moja.