ZTRS ilikuwepo kabla ya reli ya TAZARA
Shikamoo mzee wangu, umeuliza kama kuna anayeikumbuka ZTRS, ile kampuni ya malori ya Zambia-Tanzania Road Services, jamani mimi naikumbuka sana maana baba aliendesha malori yao ya Fiat. Ilianza 1966, Ian Smith wa Rhodesia (Zimbabwe ya leo) keshajitangazia uhuru Novemba 1965 na Zambia imebanwa mafuta yaliyokuwa yakipitia kwake, ikabidi mapipa yapandishwe kutoka Dar na shaba ishuke njia hiyohiyo, barabara ya vumbi, masika ni tope tupu, wanakata matawi watandike chini ya matairi, huko milimani utingo anatembea na gogo mkononi kukinga tairi gari lisirudi nyuma. Reli imekamilika 1975, miaka yote ya nyuma kazi ni ya hawa wazee na hawatajwi, inaniuma kwakweli. Wewe ulianzia Dar au Ndola kule Zambia?