Liposarkoma ya tumboni: kwa nini wanataka kutoa na figo

Mkuu, pole sana kwa mzee. Umeuliza kwa nini madaktari wanataka kumtoa uvimbe wa tumboni wa liposarkoma, yaani saratani ya chembe za mafuta, pamoja na figo ambayo kipimo kinaonyesha ni nzima, wakati jirani yenu alitolewa liposarkoma ya bega na kesho yake akarudi nyumbani. Nakujibu kama mtu niliyeugua ugonjwa huo huo, ila wa aina nyingine.

Kwanza ujue jina ni moja, magonjwa ni tofauti. Ya jirani yenu huenda ni ile ambayo chembe zake zinafanana sana na mafuta ya kawaida. Ikiwa mkononi au mguuni, hiyo karibu haisambai kabisa, ikitolewa mara nyingi habari imeisha. Aina hiyo hiyo ikiota nyuma ya tumbo, kule kwenye figo, ni mtihani mwingine. Kule kuna nafasi, inakua kimyakimya mpaka inafika kilo kadhaa ndipo mtu aone suruali inambana. Sehemu yake inaweza kubadilika ikawa kali, na hiyo kali inaweza kwenda hadi kwenye mapafu.

Sasa figo. Daktari akifungua tumbo, mafuta ya ugonjwa na mafuta ya mwili yanafanana machoni. Figo imezungukwa na mafuta hayo. Akibandua uvimbe taratibu ili aiokoe, anaweza kuacha mabaki, na liposarkoma ya tumboni inaua zaidi kwa kurudi pale pale. Kila ikirudi upasuaji unakuwa mgumu kuliko wa kwanza. Ndiyo maana wanatoa kwa mkupuo mmoja, pamoja na figo, wakati mwingine na kipande cha utumbo mpana. Ninyi hakikisheni figo ya pili imepimwa uwezo wake kabla ya siku ya upasuaji.

Mimi yangu ilikuwa pajani, kama yai, haiumi. Hospitali niliyoanzia walisema ni uvimbe wa mafuta tu, wakanichoma ganzi, wakakata, na nyama ikatupwa bila kupelekwa maabara. Hilo bado linaniuma. Baada ya miezi minane ukarudi mkubwa kama embe dodo. Safari hii walichukua kinyama kwa sindano nene, jibu likaja: liposarkoma ya aina iitwayo miksoidi. Nikapigwa mionzi wiki tano, kisha wakakata upya pamoja na kovu la zamani na njia yote aliyopita kisu cha daktari wa kwanza, msuli ukaenda, ngozi ikabidi itolewe paja la pili kuziba. Kidonda kilichukua miezi kupona, maana mionzi kabla ya kisu huchelewesha kidonda. Uvimbe wowote wa ndani ya msuli, au unaozidi sentimita 5, au unaokua, usikubali ukatwe kabla ya kinyama kupimwa.

Miksoidi inasikia sana mionzi, lakini ina tabia ya kwenda kwenye uti wa mgongo na mafuta ya sehemu nyingine, kwa hiyo mimi napimwa MRI ya mgongo, si kifua peke yake. Aina nyingine, pleomofiki, ndiyo kali kuliko zote, hukimbilia mapafu.

Mzee asipopewa mionzi msidhani ametelekezwa. Utafiti wa STRASS, wagonjwa 266, matokeo yake yalitoka 2020: kwa sarkoma (saratani za nyama laini, liposarkoma ikiwemo) za nyuma ya tumbo, mionzi kabla ya upasuaji haikuleta nafuu kwa ujumla.

Muulizeni daktari maneno matatu: ni aina gani hasa, ameshafanya upasuaji wa namna hii mara ngapi, na picha za kufuatilia zitapigwa kila baada ya muda gani. Ripoti ya maabara ikitoka iweke hapa, ufute jina la mzee, tuisome pamoja.