Kabla hujanunua mota ya baiskeli, soma tairi lako

Seti za kugeuza baiskeli ya kawaida kuwa ya umeme, zenye mota iliyo ndani ya habu ya gurudumu, huuzwa kwa kutaja wati: 250, 500, 1000. Mnunuzi naye huchukua kubwa kadiri mfuko unavyoruhusu. Kumbe mota ndiyo sehemu yenye usumbufu mdogo katika kazi hii nzima. Baiskeli za umeme huharibika kwa sababu ringi haikulingana na breki, ekseli ilizunguka ndani ya uma, au betri iliandikwa uwezo isiokuwa nao. Pesa na muda viende huko kwanza.

Anza na maandishi yaliyo ubavuni mwa tairi. Usiridhike na "inchi 26" au "inchi 28", maana inchi hizo ni jina tu. Tafuta namba ndogo yenye kistari katikati, kwa mfano 50-559. Ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita, ya pili ni kipenyo cha ringi pale tairi linapokaa. Seti ya "inchi 26" kwa kawaida huja na ringi ya 559, ile ya baiskeli za milimani. Sasa chukua baiskeli ya mtumba kutoka Japani, ile yenye kikapu mbele. Nyingi zimeandikwa 26 x 1 3/8, na kando yake 37-590. Jina ni lile lile, inchi 26, lakini ringi zimepishana milimita 31, yaani 15 na nusu kila upande. Ukifunga seti hiyo bila kuangalia, raba za breki zitakuwa zimepita ukingo wa ringi na zitabana ubavu wa tairi. Tairi litachanika, au breki haitashika kabisa, na utagundua ukiwa mteremkoni.

Baiskeli nyeusi ya kazi, Phoenix na ndugu zake, ambayo Kenya wanaiita Black Mamba, ina tairi la 28 x 1 1/2, yaani 40-635. Seti ya "inchi 28" ni ya 622. Tairi lako la zamani litapwaya juu yake. Zaidi ya hapo, breki za vyuma za baiskeli hii huvuta raba kwenda juu na kubana uso wa ndani wa ringi, upande wa spoki, na ringi ya aluminiamu ya kwenye seti haikutengenezwa kushikwa hapo. Kwa hiyo kwa baiskeli ya namna hii nunua mota peke yake, bila ringi, kisha fundi aisuke kwenye ringi ya chuma ya 635. Hesabu matundu kwanza: mota nyingi zina 36, na baiskeli hizi kwa mtindo wa zamani zina spoki 32 mbele na 40 nyuma. Tafuta ringi yenye matundu 36 kabla ya kulipia mota. Spoki zitakuwa fupi kuliko za kawaida kwa sababu habu ya mota ni pana, hivyo fundi apime mwenyewe, asikisie.

Kama bado hujanunua baiskeli, ushauri wetu ni mmoja: tafuta ya fremu ya chuma, tairi la 559, breki za waya zinazobana ringi kwa kando au breki za diski. Itakuondolea nusu ya kazi.

Mota iwe na nguvu gani? Piga hesabu ya mzigo wako. Mwendeshaji pamoja na baiskeli wakifika kilo 90, kupanda mlima wa asilimia 5 kwa kilomita 15 kwa saa kunadai kama wati 220 kwenye gurudumu. Ongeza gunia la kilo 100 kwenye keria, dai linapanda hadi karibu wati 470. Mota ya wati 250 itajaribu kubeba huo mzigo, itapunguza mwendo, na mota inayozunguka polepole huku ikivuta umeme mwingi hugeuza sehemu kubwa ya umeme huo kuwa joto. Zile ndogo zenye gia ndani hutumia meno ya nailoni, na joto hilo huyalainisha mpaka yanachanika. Kwa mwenda kazini asiye na mzigo, wati 250 hadi 350 kwa volti 36 zinatosha. Kwa mbeba mizigo, wati 500 kwa volti 48, na miguu isaidie mlimani. Wati 1000 kwenye fremu ya baiskeli ya kawaida hatuzishauri kabisa. Walio Ulaya wakumbuke kwamba sheria ya huko huitambua kama baiskeli ile ya wati 250, inayosaidia anayepiga pedeli na kuacha kusaidia ikifika kilomita 25 kwa saa.

Mota mbele au nyuma? Mbele ni rahisi kufunga, na kwa zile za Japani ni lazima, kwa sababu breki yao ya nyuma imefungwa kwenye habu yenyewe, na ukiitoa habu umetoa breki. Lakini gurudumu la mbele huteleza kwenye mchanga na kwenye mlima wenye changarawe, hasa mzigo ukiwa nyuma. Anayebeba mizigo afunge nyuma. Friwili ya gia moja aliyonayo kwa kawaida itaingia kwenye nyuzi za mota, lakini mota ya nyuma inahitaji nafasi ya milimita 135 na baiskeli nyeusi ina kama 110 hadi 120. Chuma hupanuliwa polepole kwa mikono au kwa fimbo yenye nyuzi na nati mbili, pande zote sawa. Aluminiamu haipanuliwi, itapasuka.

Sasa ekseli, na hapa tunaomba usome taratibu. Ekseli ya baiskeli ya kawaida haifanyi kazi yoyote ya kuzunguka. Ekseli ya mota ndiyo inayozuia mota isijizungushe yenyewe badala ya gurudumu. Ndiyo maana imekatwa bapa pande mbili, unene wa milimita 10 kati ya bapa na bapa, na bapa hizo hukaa kwenye mdomo wa uma. Mota yenye msukumo wa nyutoni-mita (Nm) 40 inabana kona za bapa hizo kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 400, ikigawanyika kushoto na kulia. Chuma chembamba cha mdomo hufunguka kidogo kidogo, siku hadi siku, mpaka siku moja ekseli inageuka. Ikigeuka inasokota nyaya zinazopita ndani yake na kuzikata, na kama ni gurudumu la mbele, linachomoka na kumwangusha mtu kifudifudi.

Dawa yake ni mkono wa kushikilia ekseli. Ni bamba la chuma la unene wa milimita 6, lenye tundu bapa la milimita 10 upande mmoja, na upande wa pili umefungwa kwenye uma kwa klipu ngumu ya chuma, sentimita 10 hivi kutoka kwenye ekseli. Kwa umbali huo, zile kilo 400 zinashuka kuwa kama 40, na uma unazibeba bila shida. Tundu lichongwe kwa tupa mpaka ekseli iingie kwa kugongwagongwa na nyundo ya mpira. Likiingia kwa kulegea, halina maana, kwa sababu mota inawaka na kuzima mara mia kwa siku na kila mara inapiga ule mwanya.

Mdomo wa uma wenyewe mara nyingi una milimita 8 au 9, kwa hiyo utahitaji kuchongwa. Chonga nusu kila upande, upana tu, usiuongezee kina. Pima, chonga tena, pima. Washa yenye jino (kile kisahani cha chuma kinachokaa chini ya nati) iingie upande wa ndani au wa nje kadiri seti yako ilivyo, na jino lake likae ndani ya mdomo. Na usifunge mota ya mbele kwenye uma wa aluminiamu au wenye springi.

Betri. Nguo ya plastiki inaweza kuandikwa chochote, lakini mizani haidanganywi. Betri ya lithiamu ya volti 36 ina safu 10 za seli. Seli moja ya kawaida, ile ya umbo la kidole nene iitwayo 18650, ina uzito wa gramu 45 hadi 48. Anayekuuzia "volti 36, Ah 20" (Ah ni ampea-saa, kipimo cha umeme unaobebwa na betri) anadai kwamba ndani mna seli 60, sita kila safu, hata kama ni zile bora kabisa za Ah 3.5, na hizo ni karibu kilo 3 bila kasha. Zikiwa za Ah 2.5 ni seli 80, kilo 3.7. Iweke juu ya mizani ya duka la nafaka. Ikisoma kilo 2, mwache na betri yake.

Pima pia volti ikiwa imejaa: ya volti 36 isome 42, ya volti 48 yenye safu 13 isome 54.6. Betri za lithiamu na chuma, zile zinazodumu zaidi na zisizowaka moto kirahisi, zina hesabu tofauti: safu 12 zikijaa ni 43.8. Chaja ya moja usiichomeke kwenye nyingine hata kama plagi inaingia. Betri za asidi za volti 12, tatu za Ah 12, zina uzito wa kilo 12 hivi, na ukizitumia zaidi ya nusu kila siku zinakufa mapema. Hazifai.

Wanaotengeneza betri wenyewe kwa seli za kompyuta za zamani: usilehemu moja kwa moja juu ya seli, joto linaiharibu kwa ndani. Tumia mashine ya kuchomea nukta kwa umeme na utepe wa nikeli. Utepe bandia ni chuma kilichopakwa nikeli. Sumaku haitakusaidia kuutambua, kwani nikeli nayo hushikwa na sumaku. Kata kipande, kikwaruze kwa tupa, kilaze kwenye maji ya chumvi usiku kucha. Chuma kitatoa kutu ya rangi ya chai, nikeli itabaki ilivyo. Na kabla hujachomeka nyaya ndogo za bodi ya BMS, ile inayolinda seli za betri, pima kila waya kuanzia hasi: 3.6, 7.2, 10.8, ikipanda hivyo hivyo. Hatua moja ikiruka, umekosea mpangilio, na ukichomeka bodi itaungua papo hapo.

Betri ikae kwenye pembetatu ya fremu, si juu ya keria. Keria hutikisika zaidi ya sehemu yoyote ya baiskeli, na kwenye barabara ya mawe maungio ya seli hupasuka. Weka mpira wa tyubu kuukuu kati ya kasha na bomba la fremu, usitoboe bomba. Fyuzi ya ampea 30 ikae karibu na betri, kabla ya kitu kingine chochote.

Umbali utakaokwenda ni hesabu rahisi. Volti 36 mara Ah 10 ni wati-saa 360. Ukipiga pedeli kwenye tambarare utatumia kama 10 hadi 12 kwa kilomita, basi kilomita 30. Ukikaa tu na mzigo nyuma, 18 hadi 20, na kilomita zinashuka hadi 18. Kuijaza hula chini ya nusu uniti ya umeme. Usiichaji mara tu unapofika ikiwa ya moto, subiri nusu saa. Usiichaji chumbani unapolala wala mlangoni pa kutokea.

Waya wa mota unapotoka kwenye ekseli, ushuke kwanza chini ya ekseli ndipo upande kwenda juu, ili maji ya mvua yadondokee kwenye kona hiyo ya chini yasifuate waya kuingia ndani. Kwa watu wa pwani, paka grisi kwenye kila plagi. Chumvi ya hewani hula pini za shaba kimyakimya.

Jaribio la kwanza lifanyike gurudumu likiwa juu. Mota ndogo ikizunguka bila mzigo inakula ampea 1 hadi 2. Ikila 5 huku inanguruma na kutetemeka, nyaya tatu nene hazikulingana na zile nyembamba za sensa, zinazosoma mkao wa mota. Kontrola nyingi, vile visanduku vinavyogawa umeme wa betri kwa mota, zina waya mbili nyeupe za kujifunzia: ziunganishe, gurudumu lizunguke lenyewe, zitenganishe. Mota isipoitika kabisa, chomoa kwanza plagi za mikono ya breki. Swichi ya breki iliyokwama huzima kila kitu, na watu wamebadilisha kontrola nzima kwa sababu hiyo. Isipokuwa hivyo, pima sensa: kati ya waya nyekundu na nyeusi pawe na volti 5, kisha kila waya ya rangi ipande na kushuka kati ya 0 na 5 unapozungusha gurudumu polepole. Kwa mota yenye gia, zungusha kinyumenyume. Kwenda mbele kilachi cha ndani kinaachia na hutapima chochote.

Kutoka kilomita 15 kwa saa hadi 25, nguvu ambayo breki inapaswa kuimaliza inakaribia mara tatu. Badilisha raba zote siku ile ile unayofunga mota. Kwa breki za vyuma, ringi iliyong'arishwa ikilowa hushika kidogo sana, kwa hiyo punguza mwendo wa juu kwenye kontrola hadi 20.

Baada ya kilomita 50 za kwanza, kaza spoki zote na nati za ekseli tena, kisha rudia kwenye kilomita 200. Spoki mpya hujikalisha kwenye habu na kulegea, na gurudumu la mota likianza kulegea spoki hukatika moja baada ya nyingine, kwa kawaida pale kwenye kona karibu na habu.